Chumvi ya Arobaini

Chumvi ile Tharsisi aliipokea kwa mikono miwili, akakunja goti kidogo kama alivyofundishwa kwao, akashukuru mbele ya watu wote waliokuja kwenye arobaini ya Mzee Hilali. Ilikuwa chumvi ya Uvinza, nyeupe safi, imefungwa kwa majani makavu ya mgomba na kukazwa kwa kamba, mzigo wa kuilisha nyumba msimu mzima. Aliyempa ni Abdulrahmani, mtoto wa marehemu. "Chukua, Tharsisi," alisema. "Mzee alikupenda." Hakuongeza neno. Wazee waliokaa mkekani wakaitikia kwa vichwa, sahani za pilau zikaendelea kuzunguka, na Tharsisi akarudi nyumbani taratibu, kifurushi kifuani, kama aliyekabidhiwa mtoto wa watu.

Nyumbani hapakuwa mbali. Ua wa minyaa tu ndio uliotenganisha nyumba ya marehemu na nyumba aliyowapangisha Tharsisi na mkewe. Immakulata alimpokea mumewe mlangoni, akaupima mzigo kwa mikono, akashangaa.

"Yote hii?"

"Yote. Mbele ya watu, Mama Esteri. Wamenikumbuka."

Tharsisi alikuwa fundi matofali, mikono yake migumu kama kazi yake, na machozi hakuwa nayo karibu. Lakini siku ile aliketi kwenye kigoda akajifuta macho kwa kiganja. Mzee alipozidiwa na gari likakosekana, yeye na vijana wa mtaani ndio waliomweka kwenye machela wakapanda naye mlima hadi hospitali, mvua ikiwanyeshea. Kazi kama hiyo mtu haifanyi ili akumbukwe, ila akikumbukwa anafurahi, asikudanganye mtu. Jioni ile ile Immakulata akachota chumvi akatia kwenye maharage, na yakawa matamu. Hapo ndipo walipokosea, kama kukosea kwenyewe kupo.

Wiki iliyofuata Abdulrahmani alivuka ua. Immakulata alikuwa uani anapepeta mahindi, akaacha, akamletea kigoda. Hakuketi. Alisimama kizingitini anaangalia paa, anaangalia kuta, macho yakipita juu ya vichwa vya wenyeji wake kama watu hao hawamo.

"Tharsisi, mwisho wa mwezi ujao nyumba naitaka."

Tharsisi alidhani hakusikia vizuri. "Tumekosa nini, ndugu yangu?"

"Hamjakosa. Naitaka tu. Tena mimi na wewe tulishaagana."

"Tuliagana lini?"

"Siku ya arobaini. Nilikupa chumvi mbele ya wazee, ukapokea, ukashukuru. Sisi watu wa biashara mpangaji akipewa kitu mbele ya watu, ndiyo ameagwa. Usiniambie hujui. Mashahidi ninao, na wote walikuona ukipiga goti."

Tharsisi angesema nini? Kwao, ng'ambo ya mpaka wa Manyovu, mtu hakatai kitu kinachotoka mkononi mwa mfiwa. Kukataa ni sawa na kusimama juu ya kaburi na kusema huyu simjui. Alipokea kwa sababu hakujua njia nyingine ya kuwa mtu mwenye adabu, na sasa adabu yake ndiyo iliyokuwa inamfungia mzigo.

"Basi chumvi nitairudisha," alisema.

"Hatujaianza?" aliuliza Immakulata kwa sauti ndogo, ingawa jibu alilijua yeye kuliko mtu yeyote.

Abdulrahmani alitabasamu, tabasamu lisilo na ubaya mwingi, la mtu aliyechoka. "Mmeshaila. Sikilizeni. Mimi si mnyama. Duka langu kule Kakonko limefungwa, mnajua, yote yamefungwa, sasa ni maduka ya ushirika. Nimerudi kwa mama na mke na watoto, tumebanana vyumba viwili. Niende wapi? Wewe una karatasi ya kupanga nyumba hii?"

"Mzee hakunipa karatasi. Alinipa neno."

"Basi neno ameondoka nalo," alisema Abdulrahmani, akavuka ua kurudi alikotoka.

Immakulata alirudi kwenye ungo wake, lakini mahindi yakawa yanamwagika chini na kuku wanajilia. Alikuwa akifikiria lori. Majirani wao wa bondeni, watu wa kwao, walipokosa pa kukaa mjini waliandikishwa, wakapandishwa lori na magodoro yao wakapelekwa makazi ya wakimbizi ya Katumba. Hawakupelekwa kwa ubaya. Waliambiwa kule kuna mashamba, na huenda yalikuwepo. Lakini Immakulata alikwisha kuanza maisha kutoka sifuri mara moja, mwaka ule walipovuka mpaka na nguo za mwilini, na alijua kwamba nguvu za kuanza mara ya pili hana. Mji huu wa Kasulu ndiko Esteri wake anakosoma, darasa la sita sasa. Nyuma ya nyumba maharage ndiyo kwanza yanachomoza. Mwenye nyumba katika mji huu ni mtu, asiye na nyumba ni mzigo wa lori.

Tharsisi aliondoka kwenda Kibondo kutafuta chumba. Alipata lifti juu ya gari la mihogo, akafika amejaa vumbi na unga hadi kwenye kope. Huko alizunguka na kofia mkononi. Mwenye chumba wa kwanza alimsikiliza maneno mawili tu, akauliza, "Wewe ni wa kule, siyo?" kisha akakumbuka kwamba chumba kina mtu. Wa pili alikuwa muungwana zaidi, alimpa maji ya kunywa kabla ya kumuuliza barua ya balozi wake wa nyumba kumi iko wapi na kwa nini anahama alikokuwa. Tharsisi alimwambia ukweli. Yule bwana akasema mtu aliyefukuzwa nyumba moja hataki kumwingiza katika nyingine, na kikombe akakisuuza palepale mbele ya macho yake.

Aliyemwokoa ni karani mmoja wa mahakama ambaye Tharsisi alikuwa amemjengea jiko mwaka uliopita. Alimkuta amekaa chini ya ukuta wa soko, hana sura ya mtu. Karani akamnunulia chai na andazi, akamsikiliza hadi mwisho.

"Kodi ulikuwa unalipa?"

"Kila mwezi. Nampa mkononi barazani kwake, ananiambia, haya, tumeonana."

"Watu wanajua kwamba ulikuwa unalipa?"

"Kila apitaye njia alituona."

"Sasa unatafuta nini Kibondo?" Karani aliweka kikombe chini. "Wewe ni mpangaji, Tharsisi. Karatasi ni kumbukumbu tu ya maneno, na maneno yenu yalikuwepo. Uliingizwa na mwenye nyumba, ukalipa, akapokea. Huwezi kutolewa kwa mtu kusimama mlangoni na kusema naitaka. Atoe muda, aeleze sababu, na wewe usikilizwe. Nenda baraza la usuluhishi la kata yenu. Lakini nenda kabla hujafunga hata mkeka. Ukishatoka kwa miguu yako mwenyewe, nani atakurudisha?"

Tharsisi alimshukuru hadi karani akaona haya, akamwambia amalizie chai kabla haijapoa.

Wakati mumewe yuko Kibondo, Immakulata alichukua mzigo wa kuni akavuka ua. Bi Mwajabu, mjane wa Mzee Hilali, alikuwa kwenye eda. Hatoki nje ya nyumba, haonani na mwanamume asiye wa damu yake, amevaa nguo nyeupe, anasubiri muda wake utimie. Immakulata alikuwa amempelekea kuni na maji tangu msiba, ila safari hii alikuwa na neno kifuani. Tangu Abdulrahmani asimame mlangoni kwao alijua kwamba yuko mtu mmoja tu duniani aliyekuwepo siku Mzee Hilali alipotoa ahadi yake, na mtu huyo ni mama yake Abdulrahmani.

Tunu, mke wa Abdulrahmani, alimkuta jikoni anashusha kuni.

"Mama amelala," alisema.

"Nitasubiri."

"Wageni wanamchosha. Kuni weka hapo."

Mgeni. Mwanamke aliyezaa mtoto wake wa pili, yule aliyefariki, mikononi mwa Bi Mwajabu, leo ni mgeni. Immakulata aliziweka kuni akapangusa mikono kwenye kanga yake, akageuka kuondoka, na sauti ikatoka ndani, "Huyo ni Mama Esteri? Mbona haingii?"

Chumba kilikuwa na giza jepesi na harufu ya ubani. Bi Mwajabu alikuwa amepungua, mikono imebaki mifupa na bangili moja. Alimshika Immakulata mkono asiuachie. Waliongea habari za mvua, habari za Esteri, habari za goti la Bi Mwajabu linalouma kukipambazuka. Mara kadhaa Immakulata alivuta pumzi ili aseme. Mara zote aliiachia. Utamwambiaje mama, tena mama aliye kwenye eda, njoo unisemee dhidi ya mtoto wako wa kumzaa? Kilichomtoka mwisho kilikuwa kingine kabisa.

"Bi Mwajabu, nataka nikushukuru tu. Kwa mambo yote. Hata likitokea lolote."

"Lolote gani?"

"Lolote tu, mama. Asante. Murakoze."

Bi Mwajabu alimtazama muda mrefu. Alimwachia mkono, akamwambia kesho alete maji mapema kidogo.

Tharsisi aliporudi alipeleka shauri lake, na baraza likakaa kwenye ukumbi wa ofisi ya kata, mwenyekiti akiwa Sylvesta, Mha wa pale pale, mkulima wa kahawa mwenye tabia ya kufumba macho akisikiliza, hata mgeni angedhani amesinzia. Pembeni yake walikaa wazee wenzake wa baraza. Abdulrahmani alikuja na wazee wawili waliokula pilau ya arobaini. Tharsisi alikuja na mkewe, wamevaa nguo za misa.

Abdulrahmani alisema vizuri, hakuna wa kumnyima hilo. Alieleza duka lake, watoto wake, vyumba viwili. Alieleza chumvi. Wazee wake wakathibitisha kwamba ndiyo, waliona kwa macho yao, Tharsisi alipokea kwa mikono miwili na goti limekunjwa.

"Tharsisi," aliita Sylvesta bila kufumbua macho. "Ulipokea?"

"Ego, ndiyo, nilipokea."

"Ulijua unaagwa?"

"Sikujua. Ningejua nisingekula."

Watu walicheka kidogo, hata mmoja wa wazee wa Abdulrahmani. Tharsisi hakucheka. Alieleza jinsi walivyokuja mwaka ule wa kuvuka mpaka, nyumba hii ikiwa gofu lisilo na ukuta wa nyuma. Mzee Hilali alimwambia afyatue tofali, aujenge ukuta huo, akae alipe kodi ya mwezi. Siku atakapoitaka nyumba yake atamwambia mapema, mvua ingali mbali, ili avune kwanza, ndipo atafute pa kwenda. Ndivyo walivyoagana.

"Nani alisikia?" aliuliza Sylvesta.

Tharsisi akaipindapinda kofia mkononi. Immakulata aliangalia vidole vya miguu yake. Walikuwa wamekubaliana nyumbani kwamba jina la yule mama hawatalitaja, afadhali lori. Abdulrahmani akakohoa.

"Unaona, Ndugu Mwenyekiti. Hakuna."

"Mimi nimemuuliza yeye." Sylvesta alifumbua macho. "Mama Esteri, mbona wewe unatafuta kitu chini? Siku hiyo mliingia nyumba yenye jiko baridi. Moto mliwasha kwa kitu gani? Viberiti mlikuwa navyo?"

Swali lile Waha walilielewa wote, na watu wa ng'ambo vilevile. Mtu akihamia, jirani humletea moto wa jiko lake, na aliyekuletea moto ndiye anayejua uliingiaje humo. Hiyo ni desturi ya milima hii, na hata familia za Waislamu zilizotoka pwani zamani zilikuwa zimeishika kwa kukaa muda mrefu.

Immakulata hakuweza kusema uongo. "Moto alituletea Bi Mwajabu."

Uso wa Abdulrahmani ulibadilika. "Mama yuko kwenye eda. Haitwi barazani. Hilo hata ninyi mnalijua."

"Tunalijua na tunaliheshimu," alisema Sylvesta. "Nakuuliza wewe mwenye dini yako, mimi ni Mkatoliki. Mjane haruhusiwi kutoka, au haruhusiwi kusema?"

Abdulrahmani alikuwa mtu wa kuswali, na kusema uongo juu ya dini mbele ya wazee wake mwenyewe kulimshinda. "Kutoka," alisema. "Kusema, panapokuwa na haja, anasema. Ila nyuma ya pazia."

"Basi baraza lina miguu," alisema Sylvesta, akainuka.

Wakateremka wote, njia nzima watu wanauliza kuna nini. Uani kwa marehemu, kanga ilitundikwa mlangoni, wazee wakaketi kwenye mikeka nje, Tunu akaingia ndani kwa mama mkwe wake. Immakulata alikaa karibu na ukuta kwa wanawake waliokusanyika. Alijilaumu kwamba amemtaja. Aliona amelipa wema wa yule mama kwa kumwekea ugomvi mlangoni.

Sylvesta alieleza jambo lote kwa adabu, sauti ya chini kama anayeongea na mgonjwa. Akamaliza. Kanga haikutikisika.

"Abdulrahmani," ilitoka sauti ya Bi Mwajabu. "Upo?"

"Nipo, mama."

"Sogea karibu. Sitaki usikie kwa watu."

Abdulrahmani alisogea akaketi chini kabisa, mgongo kwenye kizingiti, karibu na kanga.

"Siku ile ilikuwa inanyesha," alisema Bi Mwajabu. "Kuni zao zilikuwa mbichi. Nilichukua kigae nikatia makaa nikavuka nayo, baba yako ananifunika kwa mwavuli. Mimi nikiwa nimeinama napuliza, baba yako akamwambia huyu fundi maneno hayo hayo aliyoyasema. Avune kwanza. Atafute akiwa na kitu tumboni. Akaongeza na neno ambalo Tharsisi ameona haya kulisema. Alisema ukuta wa nyuma ni wa fundi, na siku akitoka alipwe jasho lake."

Mtu mmoja alishusha pumzi. Bi Mwajabu aliendelea.

"Sasa chumvi. Chumvi ile ilitoka kwa nani?"

Abdulrahmani alilishika pindo la kanga.

"Ilitoka kwa baba yako. Amerudishwa kutoka hospitali, sauti imebaki kidogo, akaniambia, Mwajabu, yule kijana alinibeba mlima mzima na mvua inapiga, hata siku moja hakuniomba kitu. Nikiondoka mpeni chumvi yangu ile ya Uvinza. Nikaifunga mimi kwa mikono hii. Nikakupa wewe uipeleke kwa sababu mimi siwezi kutoka. Ilikuwa asante ya baba yako, mwanangu. Ukaifanya fimbo."

Tharsisi alisikika akilia. Lilikuwa jambo la aibu kidogo kwa mwanamume mzima mbele ya baraza, na hakuna aliyemcheka.

"Nakupenda," alisema Bi Mwajabu, sasa sauti imeanza kukatika. "Na nyumba hii ni finyu, najua, nami ndiye ninayelala humo. Lakini mimi na baba yako tulimwingiza mtu. Usinitolee mtu wangu ningali mzima."

Abdulrahmani aliinamisha kichwa.

"Sikujua ya machela," alisema hatimaye, na huenda kweli hakujua, maana mzee alipougua yeye alikuwa Kakonko anahangaikia duka.

Sylvesta hakuchelewa. Alisema asiye na karatasi hajakosa haki kwa kuikosa karatasi. Tharsisi aliingizwa, alilipa, alipokewa, basi ni mpangaji, na chumvi haiwezi kumtoa. Kodi aendelee kumpa Bi Mwajabu mkononi mpaka mirathi itakapogawanywa. Warithi wakiitaka nyumba, wafuate alivyosema marehemu, wamwambie mvua ingali mbali, wamlipe ukuta wake. "Tumesikia?" aliuliza. Wote wakaitikia kwamba wamesikia. Kisha akafumba macho tena, na baraza likawa limekwisha.

Yaliyofuata hayakuwa ya sherehe. Abdulrahmani alikwenda Manyovu na mkewe na watoto, kwa wakweze, hakuaga mtu. Nyumba ya Bi Mwajabu ikanyamaza. Immakulata alikuwa akivuka asubuhi na maji na kuni, na kila akivuka alisikia uzito. Yeye amebaki na nyumba, mwenzake amebaki na vyumba vitupu. Siku moja alishindwa kujizuia, akasema wakati anampaka mafuta lile goti.

"Nimekuondolea mwanao, mama."

"Nani kakwambia?" Bi Mwajabu aliuvuta mguu wake. "Mtoto wangu kaenda kununa. Tangu mdogo ananuna. Ataacha akichoka chakula cha wakwe."

Ikawa hivyo. Mvua zilipopumzika mwanzoni mwa mwaka, Abdulrahmani alirudi peke yake, akakuta uani kwa mama yake tofali zimeanikwa mistari kwa mistari na Tharsisi yuko matopeni hadi magotini.

"Za nani?" aliuliza.

"Za chumba cha tatu," alisema Tharsisi bila kuinua kichwa. "Na cha nne, mvua ikituachia. Mama yako ana kiwanja kikubwa huku nyuma."

"Nani atalipa?"

"Nilikula chumvi yote ile. Unafikiri nitalipa kwa kitu gani?"

Abdulrahmani akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye tope. Alikuwa hajui kazi ile hata kidogo, tofali zake za kwanza zilitoka zimepinda hadi Tunu aliporudi alizicheka. Lakini hakutoka matopeni.

Siku eda ya Bi Mwajabu ilipokwisha, wanawake walimwogesha, wakamvisha, wakamfukiza udi. Immakulata alikuwa nao, kisha akawahi kwake kupika, kwa kuwa maharage mapya yalikuwa yameiva shambani nyuma ya nyumba na alitaka chungu cha kwanza kiende kwa yule mama. Alikuwa ameinama jikoni anasukuma kuni aliposikia mtu anabisha hodi.

"Karibu," alisema, akageuka.

Alikuwa Bi Mwajabu. Anatembea kwa taabu kidogo, jua linamchoma macho baada ya kukaa ndani muda wote ule, na watu wote wa mtaani wanatazamana kwa kumwona ametoka, na mahali pa kwanza alipokuja ni hapa. Mkononi alikuwa na kigae kitupu.

"Mwakeye, mwanangu," alimwamkia kwa lugha ya milima hii. "Nimekuja kuomba moto."

Immakulata alinyoosha mgongo. Nyuma ya bega la Bi Mwajabu, ng'ambo ya ua wa minyaa, moshi ulikuwa unapanda juu ya paa la jiko lake, mwingi, mweupe, wa jiko lililowashwa tangu asubuhi.

Alikipokea kigae kwa mikono miwili, akakunja goti, akachagua makaa yaliyoiva vizuri.